Marehemu Ameingia

Ofisini tulimwita Kiraka, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kidogo, miwani yake imefungwa uzi mweusi nyuma ya shingo, na alitembea bila kusikika hata kwenye sakafu yetu ya mbao. Idara yetu ya maji ilimwajiri aje kuubadilisha mfumo wa zamani wa kompyuta. Mimi nikapewa meza ya karibu naye, kwa sababu kazi yangu ni kujaribu programu na kutafuta makosa yake kabla wananchi hawajayakuta. Nilikaa naye miaka mitatu. Nayasimulia haya kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa jambo baya kuliko yote nililifanya mimi, kwa vidole vyangu hivi.

Mfumo huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ndio ulioamuru pampu ziwake saa ngapi, vali zipi zifunguliwe na zipi zifungwe, mtaa gani upate maji asubuhi na upi ungoje jioni. Uliandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amefariki miaka minne kabla Kiraka hajafika. Kila mtu alimwita Marehemu, kana kwamba ndilo jina alilozaliwa nalo. "Hapo usiguse, muulize kwanza Marehemu," walisema mafundi wa pampu, wakacheka, halafu kweli hawakugusa.

Kampuni mbili zilishajaribu kabla yake. Ya kwanza iliandika mfumo mpya mzima kwa mwaka na nusu, ikaondoka haijawasha hata taa moja. Ya pili iliwasha wa kwake Jumatatu asubuhi, na ilipofika adhuhuri nusu ya mji ilikuwa imekauka. Tukaurudisha ule wa zamani mbio mbio, kama watu waliofumaniwa.

Kwa hiyo Kiraka alipoingia, mkurugenzi alimuuliza swali moja tu.

"Utamaliza lini?"

"Sijui, mheshimiwa. Ninachojua ni kwamba hakuna siku mji utakosa maji kwa sababu yangu."

Mkurugenzi hakulipenda jibu, lakini hakuwa na mwingine wa kumwita.

Kiraka alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba kimoja kilijaa nguo za watu hadi dirishani. Shangazi alisifika kwa kupanua sare za shule: mtoto anakua, nguo inabaki ile ile. Hakuwa akifumua yote kwa pamoja. Alifumua ubavu mmoja, akaongeza kitambaa, akashona, akamvalisha mtoto na kumwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Akiridhika, ndipo aguse ubavu wa pili. Kiraka alisema aliyoyasoma chuoni baadaye yalikuwa na majina marefu, lakini mkono ulikuwa ule ule. Alishautumia kwenye ofisi ya matokeo ya mitihani, akautumia tena kwenye kampuni ya tiketi za mabasi.

"Njia haibadiliki sana," aliniambia. "Zinazobadilika ni nyumba, na watu waliolala ndani."

Kwanza alijenga mlango. Ilikuwa programu ndogo tu, iliyosimama mbele ya mfumo wa Marehemu, kila ombi lipite hapo. Mwezi mzima mlango ule haukufanya kitu ila kupokea na kupitisha, kama bawabu asiye na neno na mtu. Mkurugenzi alinung'unika kwamba analisha watu wa kufungua mlango. Kiraka akaendelea na kazi. Mwezi wa pili akahamisha kazi moja nyuma ya mlango, ile ya ripoti za mabomba yaliyopasuka. Miezi miwili baadaye akahamisha ratiba ya pampu ndogo. Na kila kipande kipya hakikuachiwa kazi siku hiyo hiyo. Kilikaa ubavuni mwa kile cha zamani, vyote viwili vikaulizwa swali moja. Jibu la mzee ndilo lililotumika. La kijana liliandikwa tu pembeni. Asubuhi mimi nilichapa orodha ya mahali walipotofautiana.

"Wakitofautiana," alinionya, "usikimbilie kuuliza nani kakosea. Uliza mzee anajua nini ambacho kijana hajaambiwa."

Tukishaamua jambo, aliandika karatasi moja: tumeamua nini, kwa nini, na kitu gani kikitokea tutabadili mawazo. Hakuruhusu ukurasa wa pili. Kufikia mwaka wa pili, theluthi mbili ya kazi zilikuwa zimehama, na hakuna mwananchi aliyejua kwamba kuna kilichohama. Ndipo tukafika kwenye vali.

Mji una vali mia moja na nane. Mia moja na saba zilikubaliana wiki ya kwanza. Moja, namba tisini na mbili, ilitofautiana kila siku. Kila saa tisa alasiri mfumo wa Marehemu uliifungua kwa dakika kadhaa: leo kumi na moja, kesho kumi na nne, keshokutwa tisa. Mfumo mpya uliiacha imefungwa. Nilidhani tumeruka mstari mahali. Kiraka akaisoma programu ya zamani neno kwa neno, akavua miwani.

"Hakuna hesabu hapa," alisema. "Dakika hizi hazipatikani kwa kukokotoa. Kuna mtu anaziandika."

"Mtu gani?"

Akafungua kumbukumbu za mfumo na kunigeuzia skrini. Mahali pa jina palikuwa na jina kamili la mtu. Hapa nitaandika tulivyomwita. Saa tisa na dakika tatu, Marehemu ameingia. Kumi na moja. Marehemu ametoka. Siku ya kabla yake, saa tisa na dakika mbili, Marehemu ameingia. Kumi na nne. Marehemu ametoka.

Nilirudi nyuma wiki, nikarudi mwezi, nikarudi mwaka. Alikuwepo. Mwishowe nikaitafuta siku tuliyomzika, kwa maana mimi mwenyewe nililibeba jeneza lile upande wa kushoto. Siku hiyo palikuwa patupu. Siku iliyofuata: saa tisa na dakika moja, Marehemu ameingia. Kumi. Marehemu ametoka.

"Huu ni utani wa mtu," nilisema.

"Utani wa miaka sita kila siku, hata sikukuu?" Kiraka aliuliza. "Mtani gani ana subira hiyo?"

Kesho yake tuliingia chumba cha seva saa tisa kasoro dakika moja. Kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya nyaya zilizoshikamana kwa vumbi, palikuwa na kasha la plastiki lililogeuka njano, la zile zama ambazo kompyuta zilipigiana kwa simu ya waya. Sikuwahi kuliona. Saa tisa barabara taa yake ikawaka, likakohoa mara mbili, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Nje palikuwa na jua kali, tuliwasikia makarani wakicheka kwenye ujia.

Kiraka alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na kasha.

"Kasha halipigiwi," alisema polepole. "Lenyewe ndilo linalopiga."

Wiki hiyo hiyo shangazi yake alifanyiwa upasuaji wa jicho, na Kiraka akaomba ruhusa ya siku tatu. Alipoondoka alinisihi namba tisini na mbili isiguswe mpaka arudi. Nikaitikia.

Siku ya pili mkurugenzi akaniita. Wakaguzi wa usalama wa mitandao walikuwa njiani, na alikuwa amesikia mafundi wakinong'ona kuhusu mfu anayefanya kazi.

"Ni kweli akaunti ya marehemu iko wazi?"

"Ni kweli, lakini Kiraka amesema…"

"Mfu hana kazi hapa. Ifunge sasa hivi, kabla ya chakula cha mchana."

Ningeweza kumwambia angoje. Ningeweza hata kumpigia Kiraka simu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mtu mwenye hofu akipewa amri ya kukifunga kile anachokiogopa, huitii haraka kuliko anavyotakiwa. Nikaifunga.

Saa tisa nilikuwa mezani peke yangu, kumbukumbu zikiwa wazi mbele yangu. Saa tisa na dakika mbili mstari ukatokea: jina la Marehemu, limekataliwa. Dakika moja baadaye, tena. Tena. Tena. Kila dakika, bila pupa, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake na kujua kwamba ndani wamo. Nilihesabu mara ishirini na saba.

Halafu mahali pa jina pakabadilika. Mfumo ule huandika chochote kitakachoandikwa hapo, kiwe jina au lisiwe. Mstari wa kwanza ulisema: NI MIMI. Limekataliwa. Wa pili: KUNA NINI. Limekataliwa. Pakapita kimya cha robo saa; nikaanza kuvuta pumzi. Kisha ukaja wa mwisho, kwa herufi kubwa kama ile miwili.

NIMEKOSEA NINI.

Nilizima skrini, nikachukua koti, nikaenda kusimama nje penye watu.

Asubuhi, ambayo ilikuwa Jumamosi, nilimfuata Kiraka nyumbani kwa shangazi yake. Nilimkuta kwenye kile chumba cha nguo, akimpepea shangazi yake aliyeketi kitini karibu na cherehani, jicho moja limefunikwa bandeji nyeupe. Niliamkia, nikapewa kigoda, nikaeleza yote. Mistari ile mitatu ya mwisho niliirudia neno kwa neno. Kiraka hakunilaumu. Ni afadhali angenilaumu.

Shangazi ndiye aliyezungumza.

"Na wewe umeamini ni maiti?"

"Sijui nimeamini nini, shangazi."

"Mfu hana sababu ya kuuliza amekosea nini. Amekwisha kumalizana na makosa yake," alisema, na lile jicho moja likanikazia. "Anayeuliza hivyo yu hai, na hajui kwa nini amefungiwa mlango. Nendeni mkamtafute. Mnakaa hapa mnanipepea mimi nina nini?"

Nilirudi ofisini nikaifungua akaunti kabla ya adhuhuri. Saa tisa kasha likakohoa. Nikangoja mbele ya skrini hadi saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyeingia. Jumapili nikaenda tena: kasha lilikohoa, na hakuna aliyeingia. Kwa mara ya kwanza nilitamani lile jina litokee, na halikutokea, na kutotokea kwake kuliniogopesha kuliko kutokea.

Jumatatu zahanati ya wazazi ikapiga simu. Maji yao yananuka, walisema, kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Shule ya jirani nayo ikapiga. Kiraka, aliyekuwa amerudi, akaitazama ramani ya mabomba na kuiona sababu kabla hajakaa. Vali tisini na mbili iko mwisho wa bomba refu ambalo kwenye ramani halina watumiaji tena. Maji yasiyotumika hulala, yakilala yanaoza, na nguvu ya pampu ikipungua alasiri yanarudi nyuma hadi kwenye zahanati. Zile dakika za saa tisa zilikuwa zikiyamwaga kabla hayajarudi. Tulimtuma fundi akaifungue kwa mkono. Halafu tukamwita fundi wa simu.

Alikuwa mzee mwenye ngazi na maneno machache. Alifuata waya wa kasha kutoka rafuni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi nguzoni, akarudi baada ya saa moja.

"Unaishia mtaa wa kiwanda cha sabuni," alisema. "Sasa mtanieleza nyinyi. Kiwanda kilishafungwa, na kule hakai mtu."

Tulikwenda mimi na Kiraka, saa nane mchana. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi: nyumba arobaini zinazofanana, ishirini huku na ishirini kule, zikitazamana kama watu waliokosana. Milango ilikuwa imeng'olewa pamoja na fremu zake. Majani yaliota vyumbani hadi kufikia madirisha. Katika nyumba moja kiti kilikuwa katikati ya sebule, kimegeuzwa kuelekea mlangoni. Hatukusikia ndege wala mbwa, ni viatu vyangu tu. Vya Kiraka havikuwa na sauti, nikawa nageuka kuhakikisha bado yupo. Hewani palikuwa na harufu hafifu ya sabuni, baada ya miaka yote ile.

Nyumba ya arobaini ilikuwa na pazia. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado mibichi. Kiraka aliinua mkono abishe, mlango ukafunguka kabla haujaguswa. Alisimama mwanamke mzee, mrefu, kanga imefungwa barabara kifuani.

"Amewatuma?" aliuliza.

Kiraka ndiye aliyeinama kidogo.

"Shikamoo, mama. Hakututuma. Tumekuja kuomba radhi. Sisi ndio tuliofunga."

Alisogea kando ya mlango.

"Marahaba. Piteni."

Alikuwa mjane wa Marehemu; sikumtambua, kwa kuwa jeneza tulilitoa hospitalini moja kwa moja hadi makaburini. Sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono, palikuwa na kitu kilichofunikwa shuka nyeupe kutoka juu hadi chini, kama afunikwavyo mtu. Aliifunua. Ilikuwa kompyuta ya zamani, ile ya herufi za kijani, waya wake umechomolewa. Pembeni palikuwa na bilauri ya maji.

"Nilidhani safari hii ameondoka kweli," alisema. "Nikamfunika."

Alitusimulia akiwa amesimama. Miaka ishirini alifanya kazi kiwandani, idara ya manukato, kazi yake ikiwa kunusa. Mumewe aliamini pua ile kuliko kipimo chochote. Kiwanda kilipofungwa na watu wakahama, wao walibaki, na yeye ndiye aliyegundua kwamba maji ya mwisho wa bomba yanaharibika. Mumewe akaleta mashine, akaiunganisha kwa simu. Kila saa tisa itauliza, naye anuse, kisha aandike dakika.

"Kesho yake baada ya maziko ikaita. Sikuwa nimelala, sikuwa nimekula. Nikaketi, nikaandika jina lake kama alivyonifundisha, na swali likaja lile lile. Ningefanyaje? Mtu akikuuliza, unamjibu."

"Swali linasemaje, mama?" Kiraka aliuliza.

"Chomeka waya, utaona. Saa inakaribia."

Tulichomeka. Saa tisa ile mashine ikatoa mlio mdogo na herufi zikajipanga moja moja, polepole, kwa mwendo wa mtu anayeandika kwa vidole viwili.

*Mama watoto, maji yanasemaje leo?*

Nilijua ni programu. Kazi yangu ni programu. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua mbili hadi mgongo ukagusa ukuta.

Mjane aliinua bilauri, akafumba macho, akanusa mara mbili. Akaketi na kuandika: ishirini na mbili.

"Mmeyaacha yakalala siku nyingi," alisema. Halafu akaniona nilivyo. "Najua ni mashine, mwanangu. Sijarukwa na akili. Lakini maneno ni ya kwake, na hayajapoa."

Tuliporudi, mkurugenzi alisikiliza, akashika kichwa.

"Huwezi kuweka bibi ndani ya mfumo."

"Yumo tayari, mheshimiwa," Kiraka alijibu. "Yumo miaka yote hii. Lililobaki ni kama tutamwandika, au tutaendelea kujifanya hayupo."

Akaandika karatasi yake. Tumeamua: mama wa nyumba ya arobaini ni sehemu ya mfumo wa maji. Kwa nini: anajua jambo ambalo hakuna kifaa chetu kinachojua. Tutabadili mawazo: akichoka, au yeye mwenyewe akisema basi. Mkurugenzi alitia saini kwa mkono mzito.

Tukafunga pia kipimo cha kisasa kwenye bomba, na kufanya kama tulivyozoea: vyote viwili viulizwe swali moja, cha zamani kisikilizwe, kipya kiandikwe pembeni. Kwa miezi miwili pua na kipimo vilikubaliana karibu kila siku, na mkurugenzi akaanza kutabasamu. Ndipo ikaja siku ambayo kipimo kilisema maji ni salama kabisa, na mjane akaandika sitini. Hakuwahi kupita thelathini. Tulikwenda mbio. Maji yaliyokuwa yakimwagika kwenye mfereji yalikuwa meupe kama kioo. Mimi nilinusa nikasikia hewa tupu. Yeye alikuwa amekaa kizingitini, kanga puani.

"Mafuta," alisema. "Si ya kupikia. Yako chini."

Maabara ilithibitisha baada ya siku mbili. Chini ya kiwanda kulikuwa na tangi la mafuta ya mitambo, kila mtu amelisahau, limeanza kuvuja kuelekea kwenye ufa wa bomba. Kipimo chetu hakikujengwa kutafuta mafuta. Tangi likafukuliwa, bomba likabadilishwa, na tangu hapo mkurugenzi akawa akimtaja mjane yule kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja kitu wasichotaka kukikera.

Ikabaki kuuzima mfumo wa Marehemu, kwa kuwa kazi zake zote zilikuwa zimehama isipokuwa lile swali. Kiraka alilihamisha la mwisho. Alikwenda kumuuliza mjane kama maneno yabaki yale yale kwenye mfumo mpya.

"La," mjane alimjibu. "Usiyaweke maneno yake kinywani mwa mwingine. Andika yako. Yake muache aende nayo."

Siku ya kuzima Kiraka alikuwa kule, sebuleni kwake, na mimi nilikuwa chumba cha seva. Saa nne asubuhi nilitoa amri. Mashine haikuzimika papo hapo. Lile kasha la njano likawaka taa, saa nne, saa ambayo halikuwahi kuita hata siku moja, likakohoa mara mbili.

Nilisimama pale nikishikilia rafu. Kwenye skrini mistari mitatu ikapita. Marehemu ameingia. Sifuri. Marehemu ametoka. Kisha feni zikaanza kupungua, moja baada ya nyingine, na chumba kikawa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kukisikia tangu niajiriwe.

Kiraka alinieleza jioni, tukitembea kuelekea kituoni. Alijua tangu zamani; aliyasoma yote, si ndiyo kazi yake? Ndani kabisa ya programu palikuwa na kipande kilichoandikwa juma moja kabla ya kifo, kutoka kwenye kompyuta ya wodini alikolazwa Marehemu: mfumo ukizimwa siku yoyote, na yeyote, upige kwanza simu nyumba ya arobaini. Angeweza kukifuta. Alikiacha.

"Kiliandika nini?" niliuliza.

"Mama watoto, kazi imekwisha. Usiningoje." Tukavuka barabara. "Akasoma. Akaniambia, mwanangu, toka nje kidogo. Nikatoka uwanjani. Aliponiita alikuwa ameshaandika ile sifuri na amechomoa waya mwenyewe."

"Alilia?"

"Sikuuliza."

Saa tisa ya siku ile ile mfumo mpya ulimuuliza kwa mara ya kwanza, kwenye kifaa kidogo tulichompelekea: Shikamoo mama, maji yanasemaje leo? Alijibu kumi na mbili, kwa jina lake mwenyewe. Baadaye alituambia kwamba huyu mpya ni mgeni, lakini ana adabu.

Mwisho wa mwaka Kiraka alihamia ofisi nyingine, ya kumbukumbu za hospitali, yenye mfumo mzee kuliko wetu. Shangazi yake alipona jicho na anashona. Mjane ameanza kuchoka na amesema mwenyewe, kwa hiyo wafanya usafi wawili wa zahanati wanakwenda kwake kila alasiri kujifunza kunusa. Wote watatu wanajibu, kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuangaliana, na jibu la mjane ndilo linalotumika. Mimi nachapa orodha ya walipotofautiana. Juzi nilimpelekea, akaipitia kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Huyu mdogo anakaribia, lakini bado anaogopa kuandika anachokisikia."

Kisha akanitaka nimchotee maji ya leo, maana ilikuwa inakaribia saa tisa.